Kalamu ya Rangi ya Asali

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, tumekutana kumsindikiza mzee wetu, ambaye ofisini aliitwa Bwana Nibu, kwa ile ncha ya kalamu ya wino, na mtaani akaitwa hivyo hivyo, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliandika kuzaliwa na kufa kwa watu kwa miaka thelathini na tisa pasipo kukosea tarehe, familia imejitahidi isikosee za kwake.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha chapa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyepanga herufi za risasi kiwandani humo na mama aliyeshona mashuka ya hospitali, na inasemekana aliweza kuzisoma herufi kinyumenyume kabla hajajua kuzisoma sawasawa, kwa sababu ndivyo alivyoziona mikononi mwa baba yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akatuzwa mara tatu kwa mwandiko, na mwalimu wake wa darasa la sita aliandika katika ripoti kwamba mwandiko wa kijana huyu unasomeka hata ukiwa umemkasirikia. Akaendelea na sekondari mwaka 1966 hadi 1969, kisha akachukua mafunzo ya ukarani na utunzaji wa kumbukumbu, aliyoyahitimu tarehe 10 Desemba 1971.

Jumatatu, tarehe 3 Januari 1972, aliajiriwa katika masjala ya vizazi na vifo, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha mawili ya kuhudumia watu, la kushoto wakiandikishwa waliozaliwa, la kulia wakiandikishwa waliokufa, na tarehe 1 Julai 1989 alipandishwa cheo kuwa Karani Mkuu, cheo alichokishika hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2011. Waliokuwa chini yake wanakumbuka alivyowafundisha kuwa kitu kisichofungwa hakijatunzwa, na alivyokuwa akipita jioni kuyabana makabati yote, moja baada ya jingine, akiyasukuma kwa kiganja hata yale yaliyokwisha kubanwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1976, na mpiga chapa wa chumba cha jirani, ambaye leo ni mjane wake, naye ndiye aliyemwambia siku ya kwanza walipozungumza kwamba mashine yake inamaliza kurasa tano wakati yeye bado anafungua kifuniko cha kalamu, na maneno hayo marehemu aliyapokea kama watu wengine wanavyopokea maua. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1978, mtoto wa kiume tarehe 30 Septemba 1981, na kitinda mimba, binti, tarehe 22 Novemba 1986.

Hapa historia inatulazimu kusimama kidogo, kwani hakuna atakayemwelewa marehemu asipozijua kalamu zake. Mwaka 1983, mwezi wa pili, mjane wa mpima ardhi alifika dirisha la kulia kuandikisha kifo cha mumewe, na alipokwisha kutia sahihi aliacha juu ya meza kalamu ya wino ya Kiitaliano, akisema kwamba nyumbani kwake hapana tena mkono wa kuishika. Ilikuwa ya seluloidi, maada inayotengenezwa kwa pamba iliyolowekwa katika tindikali ikalainishwa kwa kafuri, ikaachwa rafuni miezi mingi ikauke, ndipo ichongwe na kung'arishwa, na rangi yake ilikuwa mistari ya asali na moshi, ambayo ukiigeuza penye mwanga huonekana ikizama ndani kama ngazi za kisima. Alipoifungua ilinukia kafuri. Kuanzia siku hiyo marehemu hakuwa tena na habari na kalamu nyingine, akatafuta za Kiitaliano tu, za miaka ambayo mafundi bado walizichonga kwa mkono, za kijani cha lulu, za bluu ya bahari kuu, nyekundu iliyovunjikavunjika kama kioo, akiandikiana na wapenzi wenzake wa miji ya mbali, akibadilishana nao, akisubiri kifurushi miezi sita kwa uvumilivu ambao mkewe alisema laiti angepewa yeye nusu yake, hadi kufikia mwaka 1994 alikuwa na kalamu arobaini na moja, na kila moja aliiandika katika daftari lake, tarehe ya kufika upande wa kushoto, na upande wa kulia safu mbili alizoziacha tupu.

Mwaka huo huo alimwagiza seremala kabati la mvule lenye droo tatu ndefu na mlango mmoja wa kioo uliozungushiwa mpira, usipenywe na vumbi wala unyevu, na seremala alipouliza iwapo atoboe matundu ya hewa nyuma, marehemu alicheka, akamwambia kwamba hajamwagiza banda la kuku. Ndugu waombolezaji, familia imeona vema kulisema hili bila kulipamba, kwani kosa hilo lisingeweza kufanywa na mtu mzembe, lilifanywa na mtu aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kufunga ndiko kutunza.

Tarehe 19 Oktoba 2001 aliiona ile ya rangi ya asali ina unyevu chini ya kishikizo chake cha kubania mfukoni, na kishikizo chenyewe kimeota kutu ya kijani. Aliipeleka kwa fundi kalamu, ambaye yupo nasi hapa leo, na fundi hakuigusa kwa vidole, aliisogeza kwa ncha ya koleo, akamweleza kwamba seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke mkali, na mvuke huo ukikosa pa kutokea huingia katika nyingine, nazo huanza.

"Mzee," alimwambia, "hii inatoka jasho. Ukiwa unazipenda zile arobaini, usirudi nayo nyumbani."

Marehemu alimshukuru, akarudi nayo nyumbani. Aliihamisha kutoka droo ya juu akailaza peke yake droo ya chini, akaubana mlango, kwa maana katika masjala faili lililo droo nyingine ni faili lililo mahali pengine, na hakutaka kukubali kwamba hewa haisomi namba za droo.

Ile ya kijani cha lulu ilikufa tarehe 6 Februari 2004, ikapasuka nyufa nyembamba kwa ndani, na alipoishika ilibaki unga mkononi, na marehemu akajaza safu ya kwanza ya upande wa kulia tarehe, na safu ya pili, inayohusu sababu, akaandika "haijulikani". Mwaka uliofuata zilikufa mbili, na ule mwingine nne, zikifuatana kwa mpangilio wa zilivyolala, kutoka droo ya kati kupanda, na chumba kikaanza kunuka kafuri iliyochanganyika na kitu chachu, hata mkewe akasema mezani, mbele ya watoto, kwamba nyumba inanuka maiti na hakuna aliyekufa, na watoto wakacheka, naye marehemu hakucheka, akaondoka na sahani yake. Watu walimsihi. Mwanawe wa kiume alijitolea kwenda kuizika ile ya asali uani, binti mkubwa akataka kuitia katika jaa la ofisini kwake, fundi kalamu akaja nyumbani mara mbili bila kuitwa, na kila mmoja alijibiwa kwa adabu kwamba suala linashughulikiwa. Jambo lililowatisha waliolijua ni kwamba ile ya asali yenyewe haikufa, iliendelea kutoka jasho mwaka baada ya mwaka, laini, yenye kung'aa, ilhali za droo za juu zilikuwa zikigeuka unga.

Baada ya kustaafu, marehemu alikaa katika chumba hicho kutwa, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani, na kila asubuhi alifungua mlango wa kioo, akainamisha uso mpaka karibu na droo, akanusa, apate kujua ni ipi inayofuata. Kikohozi kilimwanza mwezi wa nne mwaka 2015. Tarehe 2 Machi 2016 madaktari walibaini kwamba mapafu yake yamejaa makovu, na daktari wa kifua, alipoulizwa kuhusu kabati, alisema hawezi kuapa kwamba ndilo lililoyasababisha, na hawezi kuapa kwamba silo, ila yeye angekuwa mwenye nyumba asingelala nalo chini ya paa moja. Marehemu aliongezewa dawa, kisha mtungi wa hewa, akaurefusha mpira wake ufike hadi chumba cha kabati.

Alilazwa tarehe 17 Juni 2019, na katika wiki ya pili, akiwa na kitinda mimba wake peke yake, alisema jambo ambalo alikuwa hajamwambia hata mama yao. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya wakati, uzito wake kilo moja na robo, na wakunga walikuwa wamewaambia wazazi wajiandae, na Jumatatu, tarehe 24 Novemba 1986, marehemu alipofika kazini alikuta karani wa dirisha la kulia, mtu mwema asiyekuwa na nia mbaya, amekwisha kuchomoa fomu ya kifo na kuijaza jina la ukoo ili kumpunguzia mwenzake usumbufu. Marehemu aliichana, akahamia dirisha la kushoto, akaiandika hati ya kuzaliwa ya binti yake kwa ile kalamu ya asali, ingawa kanuni ilitaka kalamu ya ofisi, na mtoto akaishi.

"Ulikwisha kuandikiwa dirisha la kulia," alimwambia. "Ile kalamu ndiyo iliyokuhamisha. Niitupe, halafu aje nani kukudai?"

Binti alimjibu, "Baba, nina miaka thelathini na miwili. Mimi si faili."

Marehemu akamwomba alete daftari, akamwelekeza akate lile neno "haijulikani" mahali pote lilipoandikwa, mara thelathini na nne, na badala yake aandike "ilijulikana", naye binti akaandika hadi muuguzi alipokuja kuzima taa ya kitandani. Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Julai 2019, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi mitatu na siku ishirini na tano, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Kabati limevunjwa jana uani. Kalamu saba ndizo zilizosalia nzima, na familia imeamua kwamba sita kati ya hizo ziende nyumba sita mbalimbali, zisikutane tena katika sanduku moja, ziwekwe mahali penye kupita hewa, mbali na jiko na mshumaa, kwa kuwa maada hii hushika moto upesi kuliko karatasi, na atakayeiona yake inatoa unyevu asingoje ushauri wa mtu.

Ya saba ni ile ya asali, na kuhusu hiyo hatuna uamuzi wa kuwatangazia. Kitinda mimba aliichukua mwenyewe siku ya msiba, akasema ataishughulikia, na leo asubuhi mama yake ameona bitana ya mkoba wake imeungua rangi ya chai na kutoboka pembeni, mkoba ambao binti ameupakata hapa mbele yenu. Familia imekubaliana iseme hadharani kile ambacho kwa miaka kumi na minane ilikisema chumbani pasipo kusikilizwa: dada, hati yako ilikwisha kupigwa muhuri, hakuna wa kukudai, na fundi kalamu amesimama pale mlangoni na kopo la bati lenye maji, hatakuuliza neno, anangoja tu uinuke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliovumilia harufu na wakaendelea kutusalimu, watumishi wa masjala waliomwandikisha mkuu wao kwa mwandiko ambao asingeuonea aibu, na kila aliyetoa muda wake, gari lake au bega lake.

Pumzika kwa amani, mzee wetu, nayo yaliyobaki utuachie sisi.