Courant ya Chini ya Udongo

JULES: Haloo? Njo nani anaita?

ÉMILIENNE: Ni mimi, mama Benita. Naita na simu ya Mamie, jirani wetu hapa kambi ya bakimbizi. Yangu imeisha moto ya batri.

JULES: Mama Benita. Habari ya Lushebere? Batoto?

ÉMILIENNE: Beko. Benita anakohoa siku ya pili sasa, lakini amekula. Dereva mumoja amepita hapa asubui, anasema kule kwako Mpofi bantu banakimbia vita.

JULES: Bengi bamekwenda. Papa Mumbere wa duka mwenyewe alifunga boutique yake jana, akapanda camion yake kwenda Walikale.

ÉMILIENNE: Na weye haukupanda?

JULES: Alisema nichague, kupanda naye ao kubakia na waya zangu. Mama Benita, ni kilo mia mbili ya shaba, yote imelala ndani ya udongo. Ampoule ya taa iliwaka saa tatu nzima. Bila jua, bila mafuta. Courant, umeme, inatoka kwa mulima wenyewe.

ÉMILIENNE: Jules—

JULES: Najua. Professeur wa Goma alicheka, akasema ni kama kuchoma musumari ndani ya ndimu, courant kidogo ya batoto kuchezea.

ÉMILIENNE: Siko nasema mambo ya professeur. Nauliza utatoka lini.

JULES: Kuko commandant mumoja alikuja kuangalia waya.

ÉMILIENNE: Commandant wa upande gani?

JULES: Aliuliza zinafika mpaka wapi. Nikamuchorea yote. Akauliza kama zinaweza kutuma sauti. Nikamueleza vile nguvu ya udongo inaweza kusafiri mbali. Nilimueleza saa nzima, na yeye anaandika.

ÉMILIENNE: Anaandika.

JULES: Kila neno. Bale ba banque, wiki tatu nilibafungulia programme yangu, ile ya bamama ba soko kutumiana feza na simu. Hakuna mumoja aliandika kitu mbele yangu. Kisha baliitoa na jina yao.

ÉMILIENNE: Nilikuwa pale. Ulitoa feza yetu yote mule banque yao siku ileile, ukanunua shaba. Sikusema kitu. Ordinateur, ile kompyuta yako, iko wapi?

JULES: Basoda ba commandant bameichukua, banataka kuichunguza.

ÉMILIENNE: Na sasa hivi, unaweza kutoka mpaka barabarani?

JULES: Baliniambia nibakie karibu, batanipeleka leo. Beko bawili hapa mulangoni.

ÉMILIENNE: Banakusikia?

JULES: Ndiyo. Mutandao iko muzuri leo.

ÉMILIENNE: Papa Benita, ubaambie ni upuuzi. Ubaambie professeur alicheka. Sema weye ni mwenye wazimu, hata bibi yako anasema vile.

JULES: Nilisema asubui. Nilisema nilijidanganya, haiwezi kutuma kitu, haiwezi hata kuchemsha maji. Niliisema yote.

ÉMILIENNE: Na yeye?

JULES: Aliuliza, kama ni upuuzi, nani alilipa shaba hiyo yote. Nikasema ni feza yangu. Akaomba karatasi ya banque.

ÉMILIENNE: Mungu wangu.

JULES: Anasema muntu asiye na karatasi, feza yake imetoka kwa adui.

ÉMILIENNE: Ulizichoma karatasi za banque, na hasira yako. Zote, kwenye lubanza mbele ya nyumba, nikikuomba ubakishe hata moja.

JULES: Nilizichoma.

ÉMILIENNE: Nitakwenda Goma. Niingie kwa banque, banitolee ingine, jina yako iko mule ndani.

JULES: Utapita wapi?

ÉMILIENNE: Nitapita Sake—

JULES: Sake barabara imefungwa.

ÉMILIENNE: Nitabaita kwa simu, basi. Kuko yule mufupi wa banque aliyekuwa anakupokea. Jina yake nani?

JULES: Sikumuuliza jina hata siku moja. Na banque imefunga milango tangu wiki jana, mama Benita. Hakuna muntu mule.

ÉMILIENNE: Banakupeleka saa ngapi?

JULES: Saa kumi. Kwa mukubwa wao.

ÉMILIENNE: Sasa iko saa tisa na nusu.

JULES: Ndiyo. [mutandao unakwaruza] —peleka Benita kwa poste de santé, kwa munganga, leo. Usingoje kikohozi kishuke kifuani.

ÉMILIENNE: Nitamupeleka.

JULES: [sauti ya chini] Na kama muntu akikuuliza, weye haukujua kitu ya waya.

ÉMILIENNE: Nilichimba na weye ile mitaro, Jules. Mikono yangu ilitoka malengelenge.

JULES: Haukujua kitu.

ÉMILIENNE: Sikujua kitu.

JULES: Njo vile.

ÉMILIENNE: Unité ya kuita inaisha, simu inalia. Umevaa koti? Kule juu ya mulima kuko baridi.

JULES: Nimevaa. Sasa bamesimama, banasema nifunge simu. Mama Benita, mimi—

ÉMILIENNE: Nasikia, sema. Haloo? Jules, nasikia, sema.