Besi ya Mbae na Sanduku la Kubana

Njoo karibu. Karibu zaidi, hii si maneno ya kupigia kelele. Weka mkono kwa kifua useme: nikitoa hii nje, kuku zangu zikae bila kutaga mpaka Krismasi. Sema! Usicheke, hapa wa kucheka ni mimi. Haya. Umeapa, na kuku umezitaja kwa mdomo wako.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, Meru mjini, nyuma ya soko, pale ukuta wa duka la Mhindi unaweka kivuli asubuhi. Kulikuwa na benchi moja ya mbao, mguu wake mmoja ni tofali, na Karwirwa kando yake na birika ya kahawa. Wenye benchi walikuwa watatu. Elmi, dereva wa lori la Maua, aliitwa Gia, kwa sababu hata akiongea anaanza pole halafu anakanyaga. Gitari wa Embu aliitwa Sosi, maana alikuwa mpishi wa klabu ya wazungu. Na Riungu aliitwa Waya. Alienda Burma na redio ya jeshi mgongoni, akarudi, lakini sikio moja halikurudi. Siku zile watu watatu wakikaa pamoja wanaulizwa wanapanga nini, kwa hivyo benchi ilikuwa inatafuta maneno ambayo hayawezi kufunga mtu. Juma hilo walipata besi.

Besi yenyewe ilikuwa ya Mbae, kijana wa Karwirwa. Gita kubwa, fundi alilitengeneza kwa mbao za sanduku la chai, na uzi wake mnene ni waya wa breki ya lori la Gia. Mzungu wa santuri alikuwa amekuja na gari lake la mashini, akaegesha pale holi kushika nyimbo. Siku moja Mbae akapiga noti moja, mshale wa mashini wa kupima sauti ukaruka ukagonga ukuta wake, mzungu akashika masikio. Akasema kesho mchana hiyo besi itapitia sanduku la kubana sauti. Kama hawataki, wimbo utashikwa bila besi.

– Besi haibanwi, Gia akaanza kesho yake asubuhi, pole. Besi ni lori. Ukibana lori, litabeba nini?

– Wewe unajua lori tu, Sosi akamwambia. Kila besi inabanwa. Sosi isipochemshwa ikapungua, hiyo ni maji ya kunawa.

– Kwa hivyo mpigaji anabana lini? Kila siku?

– Kila siku! Debe tupu haliachi kuvuma. Ndiyo sababu sufuria inafunikwa.

– Hiyo methali imeingiaje hapa?

– Imeingia na debe.

Gia akabadilisha gia. – Sikia, wewe mtu wa vitunguu! Kubana ni breki. Breki unashika ukiteremka bonde la Nithi, si ukipanda! Wimbo ukipanda, achilia. Ukiteremka, bana. Mwenda pole hajikwai, lakini Maua pia hafiki!

Karwirwa alikuwa anamimina. Akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

– Na ile noti moja mtu amepiga kwa nguvu, kwa makusudi? Ikipita kwa sanduku, si inabaki na nguvu yake?

Waya akageuza sikio zima. – Hiyo? Mama Mbae, hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Sanduku halijui makusudi. Kichwa kikitokeza, linakisukuma chini kilingane na vingine.

Kahawa ikapita kikombe ikamwagikia kiatu ya Sosi.

– Woi! Mama Mbae, kiatu si kikombe!

Umesikia wanamwita Mama Mbae? Huyo mama alikuwa Mama Njuki. Njuki ndiye kifungua mimba, Mbae anamfuata. Lakini tangu Njuki abebwe na lori la serikali kwenda kizuizini, benchi yote ilihamia Mama Mbae, na hakuna mkutano ulifanywa. Jina la Njuki lilikuwa kaa la moto.

Sasa hii ndiyo ile umeapia kuku. Wale vijana wawili walikuwa na kubisha mlango kwao wenyewe. Unajua usiku za wakati ule: mlango ukigongwa, roho inaenda chini ya kitanda ikuache hapo juu. Homgadi, yule mlinzi wa serikali wa kijijini, anagonga na kitako cha bunduki. Kwa hivyo wakapatana, Njuki na Mbae: mbili haraka, nyamaza, halafu moja. Ko-ko… ko. Mama akisikia hiyo, anajua ni wake, anafungua. Halafu Njuki akachukuliwa, na huko kambini mtu akampelekea habari ati Mbae alipigwa risasi kando ya msitu. Uongo mtupu! Lakini barua hazikuwa zinafika. Mzee mmoja aliyeachiliwa ndiye alimwambia Karwirwa: Njuki anakaa tu, uji anaacha ikauka, anasema hana ndugu tena. Na yule mzee akasema pia, kila jioni wanapigiwa nyimbo kwa kipaza sauti, ile tarumbeta ya bati iko juu ya mlingoti, hata za Kimeru, hata za Kiembu.

Hapo ndipo Mbae alipata akili. Kwa santuri jina linalotajwa ni la mwimbaji, mpiga besi nani anamtaja? Lakini mwisho wa kila ubeti, besi itabisha. Du-du… DUM. Njuki akisikia, atajua nani yuko mlangoni. Na mtu mwingine akijua ni alama, Mbae naye anapanda lori. Kwa hivyo Karwirwa alikuwa anamimina kahawa na kichwa kinasema: wakibana, noti zitatoka zote sawa kama miti ya ua, na mtoto wangu hatajua.

Benchi haikujua hata robo. Benchi ilikuwa inapanda mlima wa maneno.

– Mimi nilibeba hiyo kitu, Waya akasema. Burma. Sajini wetu alikuwa na sauti ya fisi: akinong'ona humsikii, akipiga kelele redio inalia kwaaa. Wakaweka cha kubana. Kubwa inasukumwa chini, halafu yote inainuliwa pamoja, mpaka ile ndogo iliyojificha inatokea. Wallahi nilisikia sajini akimeza mate.

– Mate!

– Mate, maili tatu. Watu wakinyamaza, hiyo mashini inaanza kutafuta. Inzi akitua, inakuletea inzi.

– Na ile sehemu imekatwa, Sosi akauliza, inaenda wapi? Mimi nikipunguza sosi, ile imepungua inaenda juu kwa dari. Sauti ya Mbae inaenda wapi?

Hilo lilikuwa swali tamu.

– Inabaki kwa sanduku, Gia akaamua. Mzungu anaenda nayo. Akifika Nairobi anamwaga.

– Anamwaga? Anauza! Sosi akasimama na kiatu yake yenye kahawa. Unafikiri kengele za kanisa kubwa zinatoa wapi ile sauti? Ni besi za watu weusi, zimekatwa, zimekaushwa. Akiba haiozi!

– Basi ndiyo sababu ekseli yangu ilivunjika! Nilipitia kando ya holi jana, Mbae akipiga. Besi inatembea chini kwa chini kama fuko. Inaweza kuvunja ekseli, inaweza kuharibu mayai.

– Chini kwa chini mpaka wapi?

– Mpaka mlimani! Wale walio msituni wanaisikia kwa nyayo. Serikali haibani muziki, wewe, inabana…

Homgadi akatokea kwa kona na mkuki wake.

– …inabana nyanya, Sosi akamalizia. Unaibana na kijiko, pole pole, maganda yanabaki.

– Na chumvi, Gia akasema.

– Chumvi mwisho.

Homgadi akasimama. Akaangalia benchi, akaangalia birika. – Mnaongea nini?

– Nyanya, afande.

– Nyinyi wanaume watatu?

– Njaa, afande, Waya akasema. Mfa maji haachi kutapatapa.

Yule homgadi akafikiria hiyo methali mpaka akachoka, akaenda. Karwirwa akatoa pumzi. Jua lilikuwa limeshapanda ukuta. Mchana unakuja, na Mbae yuko holi anakaza nyuzi.

Ndipo akaja mtu mgeni, mrefu, shati la kaki, vumbi la Isiolo bado liko kwa nyusi.

– Salaam aleikum.

– Aleikum salaam, Gia akajibu. Unatoka wapi, ndugu?

– Naitwa Dekow. Ndiye naendesha lile gari la mzungu wa santuri. Mama, kahawa, tafadhali, na tangawizi kama iko.

Aisee! Benchi ilimpa nafasi kama bwana arusi. Huyu ndiye ataamua. Wote wakamrukia pamoja: besi inabanwa ama haibanwi? Inabanwa ikipanda ama ikishuka? Ile inakatwa inapelekwa wapi? Dekow akanywa, akasubiri wachoke.

– Mimi sijui ya ndani, akasema. Mimi ni wa usukani. Lakini nawauliza kitu. Hiyo santuri ikitoka, nyinyi mtaisikilizia kwa nini?

– Kwa nini? Gia akakasirika. Kwa sababu ni ya kijana wetu!

– Hapana, ndugu yangu. Namaanisha, kwa kitu gani? Chombo gani?

Gia akaangalia Sosi, Sosi akaangalia kiatu, Waya akageuza lile sikio ambalo halikurudi kutoka Burma. Hakuna hata mmoja alikuwa na gramafoni. Hakuna hata mmoja alikuwa anajua mwenye gramafoni ambaye angemfungulia mlango. Asubuhi nzima walikuwa wameibana hiyo besi na kuiachilia, na hakuna aliyejiuliza itatokea wapi.

Lakini Karwirwa alijua itatokea wapi. Akaiona, juu ya mlingoti. Akakumbuka tarumbeta ya bati ya baraza, kule Siakago alikokuwa ameolewa: bwana shauri, yule mzungu mkubwa wa wilaya, ni mtu mnene, kifua kama pipa, lakini kupitia ile bati alitoka kama mbuzi. Meee. Kifua chote kilibaki nyuma. Tarumbeta haina tumbo! Sasa besi ya Mbae ibanwe isibanwe, ipigwe na nyundo, pale kambini haitafika. Itafika gita, na sauti ya mwimbaji, na kama mtu angegonga ubao… Ubao!

Na inzi wa Waya.

Akawaza watoto wake walipokuwa wadogo, kwa sinia ya mahindi na maharagwe. Wakubwa wakijaza mdomo, mama anashika mikono yao anawapunguzia. Yule mdogo anachota wakati gani? Wakubwa wakiinua mikono. Hapo hata kama ni punje moja, mama anaiona.

Karwirwa akashika birika, birika yenye kahawa nusu, hiyo nakuambia kabisa, akaimwaga yote chini kwa mchanga.

– Kahawa imeisha.

– Imeisha? Mama Mbae, si ndiyo hiyo inatembea!

– Imeisha. Kesho.

Akaenda mbio, shuka moja begani, nyingine chini, mama wa umri wake! Akafika holi, mzungu yuko ndani ya gari na waya zake, Mbae amekaa juu ya kreti ya soda na besi kwa magoti. Karwirwa akamvuta sikio kama mtoto.

– Wacha abane.

– Mama, nilikuambia akibana…

– Wacha abane kila kitu. Piga besi yako sawa sawa, pole, asikasirike. Lakini mwisho wa ubeti wote mnyamaze. Gita linyamaze, mwimbaji ashike pumzi. Halafu wewe usiguse uzi. Bisha kwa ubao.

– Na kidole? Haitasikika.

– Na kidole, kama unabishia mimi. Sanduku litaitafuta lenyewe.

Mbae akamwangalia mama yake. Akakunja kidole, akabisha pole kwa ile mbao ya chai, kujaribu, na Karwirwa akajipata amepiga hatua moja mbele na mkono umeinuka, kama anataka kutoa komeo.

Mchana ule mzungu alifurahi. Mshale haukugonga ukuta. Akauliza kile kimya ni cha nini, mwimbaji akamwambia ndiyo desturi ya huku, tunapumzisha wimbo. Mzungu akaandika desturi. Kesho yake benchi ikaendelea, Gia na breki zake, Sosi na sufuria, na Karwirwa akawamiminia, miezi.

Sasa unataka kujua kama ilifika. Ilikuwa jioni, kambini, laini ya uji. Tarumbeta ikalia huko juu, wimbo wa Kimeru, na besi haikuwako hata chembe, ni gita tu linalia kama nzi kwa kopo. Halafu wote kimya. Ko-ko… ko. Kubwa kama iko kando ya sikio. Na mtu mmoja kwa ile laini akageuka na bakuli yake mkononi kuangalia nani yuko mlangoni, na hapo mlango haukuwako, ni seng'enge. Akacheka peke yake mpaka askari akamuuliza ana wazimu. Uji wake akamaliza, akalamba bakuli.

Karwirwa hakuniambia hii. Yeye ukimuuliza anakuuliza kama unataka sukari. Mbae pia hakuniambia. Aliyeniambia alikuwa amekaa mwisho wa ile benchi, upande wa tofali, na mama yake anamwongezea kahawa, na sisi sote tumerudia kumwita huyo mama jina lake la kwanza. Aliniambia Njuki mwenyewe.