Wati Mia na Thelathini za Bi Syamsinar

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi kadhaa ambayo mwenyewe amekataa kuihesabu, Bi Syamsinar, mshauri wa matumizi ya umeme majumbani katika Ushirika wa Umeme wa Tirtosari, anastaafu tarehe 31 Julai. Kamati ya sherehe imeniomba nijaze kurasa mbili za jarida letu kwa maneno ya furaha. Nimejaribu. Lakini Bi Syamsinar amechoka, na mimi nimechoka kwa kumtazama tu, kwa hiyo msishangae furaha yenyewe ikija inajikokota.

Alifika kwetu akiwa na miaka ishirini na mitano, akitokea Payakumbuh, Sumatra, ambako mtu mwenye jambo hulisema. Sisi watu wa Java mwenye jambo huzunguka nalo mtaa mzima kwanza, akaulizia hali ya kuku na watoto, ndipo akaligusia mlangoni wakati wa kuaga. Kazi aliyopewa dada huyu ilikuwa kuingia katika nyumba za watu na kuwaambia mnapoteza umeme hapa, hapa na pale. Bosi wa wakati huo ama hakufikiri, ama alikuwa na roho mbaya.

Wiki yake ya tatu kazini, katika kijiji cha Ngrandu, aliona balbu inawaka saa sita mchana kando ya mlango wa mbele, chini ya kikapu kilichofudikizwa. Jua lilikuwa linachoma. Akainama, akaifungua, akaiweka mezani na kuanza kueleza hasara yake. Kumbe pale palikuwa pamezikwa kondo la nyuma la mtoto aliyezaliwa siku tisa nyuma, na taa ile huachwa ikiwaka mchana na usiku kwa siku thelathini na tano ili mtoto awe na mwanga katika njia yake. Bibi wa mtoto aliangua kilio, mkuu wa kijiji akaitwa, na pikipiki ya ushirika ikasindikizwa hadi barabarani na watu wasiocheka. Jioni ile ile Bi Syamsinar alirudi peke yake na balbu ndogo ya wati tano, akaiwasha kwa mkono wake, akaomba radhi kwa Kijava kibovu kiasi kwamba yule bibi aliacha kulia akaanza kumsahihisha. Tangu siku hiyo hakugusa swichi katika nyumba ya mtu kabla ya kuuliza inawashwa kwa ajili ya nani.

Mafanikio yake yako mengi kwenye makabrasha. Alizunguka na kimita chake cha kuchomeka ukutani, watu wakaona kwa macho yao kila kifaa kinakula kiasi gani. Aliwafundisha kuliondoa friji kwenye kona ya jikoni lipate hewa, na kuacha kuanika soksi nyuma yake. Aliwaambia wapige pasi mara moja kwa juma badala ya kila asubuhi, wakamkubalia siku hiyo hiyo, naye akaandika ushindi mkubwa katika ripoti ya mwaka. Baadaye aligundua kwamba akina mama walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani, kwa sababu wanaamini mikono iliyoshika pasi ya moto ikigusa maji ya baridi huanza kutetemeka uzeeni, kwa hiyo hutenga siku moja ya pasi tu. Ripoti hakuirekebisha.

Adui yake wa kweli alikuwa sufuria ya umeme ya wali. Nyumba zetu hupika wali alfajiri, kisha huiacha sufuria ikiupasha hadi wakati wa kulala, asije mgeni akakuta wali wa baridi. Bi Syamsinar alipima, akapima tena: kuupasha kutwa nzima kunakula umeme mara nne ya kuupika. Aliyasema hayo katika vikao visivyo na idadi. Akina mama waliitikia kwa vichwa, wakamkaribisha ndizi za kukaanga, na pikipiki yake ilipokata kona wakachomeka sufuria tena. Hakuna mtu wa hapa atakayekukatalia. Atakubali vizuri sana, halafu hafanyi. Ilimchukua miaka kumi kuelewa hilo, na iliyobaki kulizoea.

Uchovu wake haukutoka kwa akina mama peke yao. Mwaka ambao karibu kila nyumba ilibadili balbu, matumizi ya wilaya yalishuka, tukala keki ofisini. Mwaka uliofuata viyoyozi vikaingia madukani kwa mkopo, na tulichookoa kikaliwa kabla ya mvua kuanza. Niliwahi kumkuta ameweka paji la uso juu ya meza, macho wazi. Nilipomuuliza kama anaumwa, alijibu haumwi, anajumlisha.

Ningeishia hapo, kamati ingeridhika. Lakini kuna nyumba moja ambayo wasifu huu hauna haki ya kuiruka, na katika habari yake nimo na mimi, Pramudi, karani wa maombi ya laini.

Mzee Sarpan wa Ngrandu alichoma chokaa maisha yake yote, na chokaa ikamkalia kifuani. Mwaka juzi hospitali ilimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni ya kuazimwa, ya kuvaliwa puani mchana na usiku. Mashine ile ilikula wati mia tatu na ishirini. Laini ya nyumba yake ilikuwa ile ndogo kabisa, ya wati mia nne na hamsini. Zilibaki mia na thelathini kwa kila kitu kingine, na zikizidi, breka iliyo ukutani mwa baraza ilijikata na nyumba nzima kuzimika. Hapo mashine ilinyamaza, midomo ya mzee ikaanza kubadilika rangi, na mkewe, Bi Ngatiyem, akakimbia kutoka kitandani hadi barazani kuirudisha.

Bi Ngatiyem alikuja kwenye dirisha langu kuomba laini kubwa. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wake, aliyefariki zamani, na kanuni inataka saini za warithi wote. Warithi walikuwa watano, wawili wako Kalimantan, ng'ambo ya bahari, na mmoja hajulikani aliko. Nilimweleza kwa upole na kwa Kijava cha heshima kabisa. Kisha nikagonga muhuri wa KUSUBIRI kwenye ombi lake, nikamwita mtu aliyefuata. Nilifuata kanuni, na ninaona aibu hadi leo.

Bi Syamsinar alilichukua ombi lile kutoka mezani kwangu bila kuomba, akaenda Ngrandu, akakaa katika nyumba ile tangu asubuhi hadi alasiri na daftari mapajani. Breka ilijikata mara tatu. Aliporudi, buti zake zina vumbi la chokaa, alisimama mbele yangu.

"Pramudi, ile nyumba haina shida ya umeme," alisema. "Ina shida ya wageni."

Alikuwa amesema kweli. Mgonjwa kwetu hutembelewa. Watu huja wawili wawili na watano watano, na mgeni hawezi kuondoka hajanywa chai ya moto, na akichelewa kidogo, hajala wali. Bi Ngatiyem alikuwa anachomeka birika la umeme kwa heshima zote, breka inajikata, yeye anakimbilia barazani, wageni wanasimama kumpa pole, kisha wanakaa tena na kunywa chai. Walimpenda sana Mzee Sarpan. Walikuwa wanamuua kwa kumjulia hali.

Basi Bi Syamsinar akaanza kuzigawa zile wati mia na thelathini. Taa nne za wati tano tano. Feni moja ya wati arobaini. Sabini zilizobaki zikawa akiba, ole wake atakayezigusa. Friji likahamia kwa jirani, pampu ikazimwa na maji yakaletwa kwa mpira kutoka kwa jirani huyo huyo, pasi ikaenda kwa wifi. Mzee alipewa redio ya betri badala ya televisheni, akasema picha zilikuwa zinamsumbua hata hivyo. Jiko la gesi lilikuwa na plati moja, na juu yake ulipikwa mlo wa nyumbani, halikutosha zaidi ya hapo. Ilibaki chai ya wageni, pamoja na ile sufuria ya wali iliyokaa tayari kwa ajili yao.

Alilipeleka jambo hilo kwenye upatu wa akina mama, ambako Ngrandu yote hukutana kila mwezi. Alisema wazi, kama kawaida yake, kwamba anayetaka kumwona Mzee Sarpan aje na chai yake kwenye chupa, na akiwa na njaa aje ameshiba. Bi Ngatiyem, mwanamke ambaye sauti yake huisikii ukiwa hatua tatu, aliinuka.

"Mgeni aje na chai yake nyumbani kwangu? Bora mnizike mimi kwanza."

"Hatumziki mtu, dada. Tunahamisha birika tu."

"Kwenu labda. Hapa nitaitwa mchoyo mpaka wajukuu zangu."

Akina mama waliobaki waliitikia kwa vichwa. Bi Syamsinar alikuwa amekaa nasi miaka ya kutosha kujua maana ya vichwa vile. Juma lililofuata breka ilijikata mara tisa, na mara moja Bi Ngatiyem aliteleza barazani akiikimbilia, mzee akabaki bila hewa hadi mpita njia aliposikia kelele.

Sasa naungama, na Bwana Meneja anisamehe, kwani anasoma haya pamoja nanyi. Asubuhi moja Bi Syamsinar aliniwekea mezani karatasi iliyochapwa vizuri. Ilisema kwamba kwa amri ya Ushirika ni marufuku kuchemsha maji, kupika wala kupasha wali kwa umeme katika nyumba ya Mzee Sarpan, na kwamba wageni wote wanatakiwa kuja na vinywaji vyao. Nilimwambia hatuna amri kama hiyo.

"Najua," alisema. "Na ule muhuri wako wa juzi ulikuwa halali. Umemsaidia nani?"

Niligonga. Niligonga mara mbili, juu na chini, ili isionekane ina mashaka.

Karatasi ikapigiliwa misumari ukutani, juu ya birika, na Ngrandu ikapumua. Sasa Bi Ngatiyem hakuwa mchoyo tena, alikuwa mtu aliyeonewa. Aliwapokea wageni, akawaonyesha amri, akahema na kusema yeye angewachemshia, tena kwa furaha, ila ndiyo hivyo, wakubwa wamekataza. Wageni waliokuja na chupa zao walimmiminia na yeye, na wote kwa pamoja wakatusema sisi. Tulisemwa kuwa hatuna utu, hatuna adabu, na kwamba mwanamke yule wa Sumatra ndiye chanzo. Walimwambia hata usoni, jambo ambalo kwetu ni nadra. Alifurahi, akasema hatimaye wamejifunza kitu kutoka kwake.

Kwa miezi kumi na minne alipita pale kila Alhamisi. Aliangalia breka, akamuuliza Bi Ngatiyem imejikata mara ngapi, akaandika sifuri, akaondoka. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na Ngrandu iko mlimani. Mara mbili nilijitolea kwenda badala yake, mara mbili akaniambia nibaki na muhuri wangu.

Mzee Sarpan alifariki mwezi Machi, baada ya sala ya alfajiri. Siku kumi baadaye Bi Ngatiyem alisimama tena kwenye dirisha langu, akaomba nifute lile ombi la laini kubwa, maana halihitaji tena. Nililifuta. Nikauliza nisichostahili kuuliza: je, siku ile umeme ulikuwepo?

"Ulikuwepo, mwanangu," alisema. "Kifua chake ndicho kilichokwisha. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikuwa barazani nikihangaika na swichi."

Nilipanda ngazi, nikamfikishia Bi Syamsinar maneno hayo kama yalivyosemwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akavuta karatasi na kuandika barua kwamba haichukui miaka miwili ya nyongeza ya mkataba aliyokuwa amepewa na Ushirika. Nilidhani amekasirika. Aliniambia hajakasirika, ila sasa anaweza kwenda.

Nafasi yake haiwezi kukaa wazi. Ngrandu na vijiji jirani vina mashine tatu nyingine za oksijeni, zote kwenye laini ndogo, na kanuni ya warithi iko pale pale. Nimeomba kuhama dirishani, Bwana Meneja amekubali, na Jumatatu naanza mimi. Bi Syamsinar amenifundisha kwa siku mbili, amenikabidhi daftari na kimita, na ameniagiza nisimpigie simu kumuuliza mambo yaliyomo daftarini.

Bi Syamsinar, wenzako wote wa Tirtosari tunakushukuru, hata wale uliowazimia feni wakiwa wametoka kwenda kula. Mimi nakuomba radhi kwa muhuri wangu wa kwanza. Rudi Payakumbuh salama, uyapumzishe magoti yako, ulale hadi uchoke kulala. Tunakuombea maisha marefu na mepesi, na siku yako ikifika, iwe mbali sana, mtu awe amekushika mkono.