Udi wa Mkutano wa Pumu

Katika basi la kwenda Pikine, Mzee Birane aliwasikiliza wanawake wawili wa kiti cha mbele. Mmoja wao, Yassine, alimpakata mtoto wake ambaye kifua chake kilipiga miluzi.

"Acha kufukiza udi chumbani, mdogo wangu," alisema mwenzake, Bi Coumba, mhamasishaji wa afya. "Moshi unambana mwanao."

"Nikiacha, dada, mume atahamia kwa mke mwenzangu. Kwake kunanukia."

"Mume anapumua vizuri. Mtoto je?"

"Na nguo zako mbona zinanukia udi?"

"Ah, huu ni wa mkutano wa pumu! Meya anakuja. Tumpokee kavukavu?"

Mzee Birane aliiona hoja ni nzito. Kifua cha mtoto hakikuiona hivyo. Basi liliposimama, Bi Coumba alishuka na chetezo chake cha udi. Yassine akafungua dirisha, akamgeuzia mtoto upepo.