Mama Subiri, Aliyetuchelewesha Kupata Sifa

Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Subiri anastaafu, na Ofisi ya Mawasiliano ya chuo chetu hatimaye itapumua. Hatutasikia tena lile "subirini kwanza" lililompa jina, kila tulipokuwa tumeshika simu tayari kurusha picha mtandaoni.

Alianza kwa kuchapa matangazo ya ubaoni, akapanda hadi kusimamia kurasa zetu za mitandao ya kijamii. Wenzake wa vyuo vingine walikusanya wafuasi. Yeye alikusanya ruhusa za watu waliopigwa picha. Mwaka mmoja alizuia picha ya mhadhiri aliyekoroma katikati ya mahafali, picha ambayo ingetupa umaarufu wa wiki nzima. Mhadhiri hakuwahi kumshukuru kwa sababu hakujua. Sasa anajua.

Kisha ukaja ugonjwa wa mlipuko. Madarasa yakafungwa, na uongozi, kwa hekima yake ya kawaida, ukaagiza kurasa zetu zibebe habari chanya tu. Mama Subiri akashikwa na mafua, akabaki nyumbani. Naibu wake, mtu mtiifu kupindukia, akachukua picha ya binti wa mwaka wa pili akitabasamu dirishani mwa bweni, hakumuuliza, akairusha mtandaoni na kuandika chini yake: "Mwanafunzi wetu chanya."

Sisi wasomi tulielewa kwamba binti ana moyo mkunjufu. Mtaani kwao wakaelewa kwamba amepimwa na kukutwa na virusi. Kabla ya jioni, wateja wa mama yake, fundi cherehani, walikuwa wameshafuata vitambaa vyao hata havijakatwa, na mwenye nyumba akawaambia wahame. Ada ya binti ilitoka kwenye cherehani ile. Akaanza kufungasha vitabu.

Kikao cha dharura kilipata suluhisho maridadi: tutangaze majibu ya vipimo vyake, watu waone hana ugonjwa. Mama Subiri, aliyeingia kikaoni kwa simu na sauti imemkauka, akasema, "Subirini. Huyu mnamsafisha kwa kuwa hana. Walio nao ndio wachafu? Na nani amemuuliza mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama Subiri akampigia simu.

"Msinitetee, mama," binti alimjibu. "Semeni tu mmekosea."

Kwa chuo ambacho siku zote hukosewa na wengine, hilo lilikuwa ombi zito. Mama Subiri aliiondoa picha, akaandika kwamba ofisi yetu ilitumia picha bila ruhusa na neno bila kufikiri, na inaomba radhi. Binti hakutajwa, wala vipimo. Uongozi ulimtunuku barua ya onyo. Alipopona alikwenda kwa mwenye nyumba, akasimama nje ya lango na barakoa yake, akamsomea radhi ile neno kwa neno. Yule bwana aliona haya, akawaacha wakae. Wateja walirudi mmoja mmoja. Wengine hawakurudi kabisa. Binti alihitimu mwaka juzi, na siku hiyo sote tulijivunia sana msimamo wetu.

Tulimwomba Mama Subiri picha ya kupamba ukurasa huu, akakataa. Naibu wake amekubali uamuzi huo, tena bila kikao.

Mama, asante kwa kila sifa uliyotunyima. Kastaafu salama, na wajukuu wakupige picha pale tu utakapotaka.