Hilaria na Maneno Mawili ya Daktari

Marehemu Hilaria binti Leonardi Kapele alikuwa mjukuu wa mzee aliyeyeyusha chuma, na binti wa mtu aliyewagawia wenye njaa nafaka yake yote ya ulezi kijijini Mwazye, mwaka nzige walipokula mashamba. Yeye mwenyewe alijenga nyumba mbili kwa mikono yake, ya pili mwaka 1974, walipohamishiwa kijiji cha ujamaa.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1927. Alisoma kwa masista hadi darasa la pili. Mwaka 1946 aliolewa na Clemens, wakajaliwa Beda na Fransiska. Clemens alifariki mwaka 1965.

Mwaka 1970 Beda, aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, alianza kujibu sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Alipelekwa hospitali ya mbali, siku mbili juu ya lori la mahindi. Daktari wa akili akamhoji mama. Ulikuwa mkali? Ndiyo, daktari. Ulimnyima mapenzi? Ndiyo, daktari. Kwetu mkubwa akiuliza humkatalii usoni. Hilaria alikuwa akiitikia tu, akingoja zamu yake ya kueleza. Zamu haikuja. Daktari akaandika kwamba ugonjwa umeletwa na malezi ya mama, watenganishwe.

Beda akachukuliwa na baba yake mdogo, Adriano, kwenda Kasanga. Alikaa huko zaidi ya miaka minane, mingi ya hiyo mguu ukiwa umefungwa kamba. Kijijini nako maneno ya daktari yalienea, wanawake wakawa wanaficha watoto Hilaria akipita. Siku moja kisimani akawaambia, "Msifiche mtoto, jamani. Ficheni ndoo, hiyo ndiyo naitaka!" Walicheka, lakini hakuna aliyemsogelea.

Mwaka 1979 daktari yuleyule alifika Sumbawanga. Hilaria alimfuata kwa miguu.

"Mama Beda, tulifundishwa hivyo," daktari alisema. "Siku hizi wataalamu wanaona ni ubongo wenyewe, na mengine mtu huzaliwa nayo. Si malezi yako."

"Na mkibadilisha tena?"

"Huenda. Bado hatujui yote."

"Basi niandikie hili kabla hamjabadilisha, nikamchukue mwanangu."

Akaandikiwa. Huko Kasanga, kamba aliikata Hilaria mwenyewe. Kwa sindano ya kila mwezi Beda alitulia, akalima matuta yake.

Januari 1984 Hilaria aliugua moyo, akafariki nyumbani tarehe 11 Februari. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Mungu ampumzishe, alitembea sana.

Siku mbili kabla ya kifo chake, Adriano alimwambia kitandani, "Shemeji, ukiondoka namrudisha Beda Kasanga."

"Kunywa uji, shemeji, unapoa." Kisha akamgeukia Fransiska. "Kadi ya kliniki ya Beda iko chini ya mto. Siku ya sindano uende naye wewe. Na yeyote akitaka kumhamisha, amuulize Beda kwanza, wewe ukiwa umesimama hapohapo."