Waliyoniandikia Ukutani Mikumi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata kwa sauti inayokwaruza kama yangu! Naomba mnivumilie. Wengine huja hapa mbele wakiwa wamepona kabisa. Mimi nimekuja ningali naumwa, ila naweza kusema, na huko kusema ndiko ushuhuda wangu.

Mnanijua. Mimi ndiye yule binti wa chumba cha kompyuta karibu na soko la hapa Kilosa. Baba aliachishwa kazi shamba la mkonge lilipouzwa kwa mtu binafsi, nikaona hakuna wa kunibeba tena, nikajifunza kompyuta, nikaanza kutengeneza tovuti. Kuongea mbele za watu nilijifunzia humu humu kanisani, sikujifunza kwingine. Nikishika kipaza sauti mnajua wenyewe: nawasimamisha, nawaambia mwambie jirani yako. Hata maombi ya kufungua ibada mlikuwa mnanipa mimi.

Basi nikaalikwa Mikumi, kwenye kongamano la watengeneza tovuti. Vijana wa Dar na Morogoro, kila mmoja na kompyuta yake mapajani. Mada yangu ilikuwa nzuri, ndugu zangu, mpaka leo nasema ilikuwa nzuri! Jinsi ya kutengeneza ukurasa mwepesi, ili mkulima wa Tindiga mwenye simu ndogo na mtandao wa kusuasua aufungue bila kumaliza vocha yake.

Sasa, waandaaji walikuwa na utaratibu wao. Msikilizaji anatuma maoni kwa simu, na maneno yanatokea ukutani nyuma ya msemaji, ukumbi mzima unasoma. Mimi hakuna aliyenieleza. Nikapanda jukwaani nikaanza, "Bwana asifiwe!" Nikawaambia wafumbe macho wamwone mama wa kijijini Ulaya, huku huku kwetu Kilosa, anayesubiri ukurasa ufunguke. Nikawaambia, "Mwambie jirani yako, punguza picha!" Wakaanza kucheka. Ndugu zangu, nilidhani wamebarikiwa! Kwetu watu wakicheka na kupiga makofi, msemaji anaongeza moto. Nikaongeza. Wakazidi. Nikapaza sauti mpaka jasho linanitiririka, halafu nikageuka niwaonyeshe mfano ukutani, nikasoma.

"Sista, sadaka inapita saa ngapi?" "Oya, hii semina au mkesha?" "Mchungaji kakosea ukumbi." Na la chini kabisa, limeandikwa bila utani wowote: "Huyu dada hana cha kusema."

Sikumaliza. Nilishuka, nikachukua mkoba wangu, nikapanda basi la Kilosa. Lilipopita Ulaya, nyumbani kwa mama, sikushuka. Ningemwambia nini?

Maoni yale waliyaweka kwenye tovuti yao, kila mtu ayasome. Mimi ninayetengeneza tovuti za watu sikuwa na namna ya kufuta hata herufi moja. Niliyafungua kila asubuhi kabla ya chai. Wateja walipungua, lakini hilo si kitu. Kitu ni Jumapili ile mlipoita jina langu nifungue kwa maombi. Nilisimama, nikasema, "Baba yetu," nikalisikia lile la mwisho. Huyu dada hana cha kusema. Nikakaa. Mkadhani nina homa.

Nyumbani nikipiga magoti, hivyo hivyo. Mdomo unafunguka, neno halitoki. Nilifika mahali nikaamini kwamba Mungu naye ameusoma ule ukuta na amekubaliana nao. Nawaambieni, hakuna upweke unaozidi huo! Niliacha kuomba. Nilikuwa naimba nanyi hapa huku ndani nimekufa.

Ndipo mama akaumwa. Uvimbe tumboni. Hospitali wakasema turudi naye nyumbani, na mtu mzima anaelewa maana yake. Nikaenda Ulaya, nikakaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niombee. Kwa sauti, nisikie."

Nikalia. Akaniuliza kulikoni, nikamwambia, "Mama, siwezi. Kila nikifungua mdomo nasikia waliyoniandikia."

"Waliandika nini?"

"Maneno ya vijana wa mjini tu, mama."

"Basi msomee Mungu hayo hayo. Mimi sina muda wa kusubiri mengine."

Nilikuwa nimeyashika kwa moyo. Nikafumba macho, nikaanza. Nilipotaja sadaka, mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, kisha akasema, "Umesikia, Bwana." Nikasema lingine. "Umesikia, Bwana." Akaitikia kila moja, polepole, kama anayemkabidhi mtu mzigo. Nilipofika lile la mwisho sauti ikakatika. Akanishika mkono. Nikalisema. Mama akasema, "Umesikia, Bwana. Sasa msikie na yeye."

Nikalia kwa sauti, "Bwana, mama yangu anakufa! Usimchukue!" Yakatoka, ndugu zangu! Yakatoka yote, mpaka majirani wakaja mlangoni.

Najua mnasubiri niseme mama akainuka. Hakuinuka. Tulimzika wiki ile ile. Nilimwomba Mungu jambo moja kwa nguvu zangu zote, akakataa, na sijui kwa nini. Ule ukuta nao upo mpaka leo, ukitaka utaufungua. Lakini naomba. Kaburini niliomba mimi. Kila nikiomba, natulia kidogo pale ambapo angeitikia.

Namshukuru Bwana kwa huo mdomo, maana ndio alionirudishia. Na wewe uliyekaa nyuma, mtumaini. Mtumaini hata kama hajakujibu. Uliyoambiwa na mume wako, na bosi wako, na watu usiowajua, usiyapambe, msomee kama yalivyo. Ukiona huwezi peke yako, njoo kwangu baada ya ibada. Wa kuniitikia mimi ameondoka. Wewe njoo, nitakuitikia.